Tumtue Mgonjwa Mzigo: Ngiri Inayotokea Baada ya Upasuaji wa Stoma

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu zetu wasomaji, na hasa mama zetu na dada zetu ambao ndio wauguzi wa kwanza katika kila nyumba, juma hili tumeazimia kuzungumza juu ya jambo ambalo husemwa kwa kunong'ona, na mara nyingi halisemwi kabisa. Tunawaomba msilione kuwa zito kwa masikio. Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya yao haikuwazuia kuuliza ili waifahamu dini yao. Basi na sisi tufuate nyayo hizo katika kuyauliza yanayohusu miili yetu, kwani mwili ni amana, na amana huulizwa.

Wako miongoni mwetu waliofanyiwa upasuaji wa tumbo, na utumbo wao ukatolewa nje kupitia tundu dogo lililofanywa katika ngozi ya tumbo. Tundu hilo huitwa stoma. Likiwa limetokana na utumbo mpana, huitwa kolostomia. Likiwa limetokana na utumbo mwembamba, huitwa ileostomia. Na iko pia ile ya mkojo, iitwayo urostomia. Choo au mkojo hutoka hapo na kuingia katika mfuko maalumu ulionatishwa juu ya ngozi. Wapo wanaofanyiwa hivyo kwa sababu ya saratani ya utumbo, wapo kwa sababu ya utumbo kujisokota au kuziba, na wapo walioumia katika ajali. Baadhi yao hurudishiwa njia ya kawaida baada ya miezi kadhaa, na baadhi huishi na stoma maisha yao yote.

Dada yetu mkubwa, ambaye ndiye aliyetulea baada ya mama yetu kufariki, ni mmoja wao. Ametupa idhini kuyaandika haya kwa sharti moja tu, kwamba jina lake lisitajwe. Alipatwa na uvimbe uliouziba utumbo mpana. Alifikishwa hospitali usiku, tumbo limejaa kama ngoma, anatapika, na madaktari hawakuwa na nafasi ya kungoja asubuhi. Alipozinduka alikuta ana kolostomia upande wa kushoto wa tumbo. Alhamdulillahi, roho ilisalimika.

Aliporudi nyumbani alijifunza kubadilisha mfuko peke yake, chumbani, mlango umetiwa komeo. Aliyejua ni binti yake mmoja na sisi ndugu zake. Wakaza wana wake hawakujua, wajukuu hawakujua, majirani ndio kabisa. Na kwa kuwa hawakujua, hakuna aliyeona ajabu kumkuta uani ameinama kuunyanyua mtungi wa maji ulioletwa na mwenye mkokoteni, au ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi za watu kumi na wawili. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20. Yeye aliunyanyua ili asiulizwe kwa nini haunyanyui.

Mwezi wa kumi na nne baada ya upasuaji, mfuko ukaanza kuvuja. Ulimvujia akiwa katika rukuu. Tangu siku hiyo akaacha kuhudhuria darsa ya kina mama ya alasiri, na tulipomwuliza alisema magoti yanamsumbua. Binti yake ndiye aliyetueleza kwamba kando ya stoma pameota uvimbe, na kwamba mamake anaamini ule ugonjwa wa mwanzo umerudi, naye hataki kwenda kuambiwa hivyo.

Tulimpeleka. Daktari alipomaliza kumpima na kumpiga picha, alimwachia muuguzi amfafanulie. Muuguzi alimsimamisha, akaweka kiganja juu ya tumbo, akamwambia akohoe. Uvimbe ukajitokeza kama nusu ya chungwa. Akamlaza chali, nao ukapungua.

"Mama, ugonjwa wako haukurudi," alisema. "Hii ni ngiri."

"Basi nimejiletea mwenyewe?"

"Hukujiletea, mama. Ukuta wa tumbo uliotobolewa haurudi kuwa kama ule ambao haukutobolewa. Yako yaliyousukuma, na hayo ndiyo tutakayoyazungumza."

Ngiri hii ni nini?

Neno ngiri katika pwani yetu lina mizigo mingi. Watu hulitumia kwa maumivu ya mshipa, kwa tumbo la upepo, hata kwa udhaifu wa waume. Hapa tunakusudia maana moja tu. Tumbo lina ukuta wa misuli na utando mgumu unaoyashikilia matumbo ndani. Ili stoma ipite, daktari hana budi kuutoboa ukuta huo. Kadiri siku zinavyokwenda, tundu laweza kupanuka, na kipande cha utumbo au mafuta ya ndani kikapenya kando ya stoma na kukaa chini ya ngozi. Huko ndiko kuota ngiri ya pembeni mwa stoma.

Jambo hili si la nadra. Miongozo iliyotolewa mwaka 2018 na jumuiya ya Ulaya ya madaktari wa ngiri inakadiria kwamba zaidi ya asilimia 30 ya wenye stoma huipata katika muda wa mwaka mmoja, asilimia 40 katika miaka 2, na kwa muda mrefu zaidi hufikia nusu yao au kuzidi. Wenye kolostomia huipata zaidi kuliko wenye ileostomia. Tunaitaja hesabu hii ili mgonjwa aliyejifungia chumbani ajue kwamba hayuko peke yake, wala hakuadhibiwa kwa dhambi fulani, bali amepatwa na lile linalowapata wengi katika hali yake.

Yanayoiita ngiri

Yako mambo ambayo mgonjwa hana mamlaka nayo. Umri ukisonga, misuli hulegea. Aliyewahi kuwa na ngiri nyingine, kama ya kitovu au ya kinena, yu karibu zaidi kuipata hii. Tundu lililofanywa pana lina hatari kuliko jembamba. Upasuaji wa dharura haumpi daktari wala muuguzi wasaa wa kupanga kila kitu. Kidonda kikiingia usaha, ukuta hupona kwa udhaifu. Dawa za steroidi zikitumiwa kwa muda mrefu hupunguza nguvu ya mwili kujiunga, na mwili uliokosa lishe nao haujiungi vizuri.

Na yako mambo ambayo nyumba inaweza kuyapunguza. La kwanza ni uzito wa mwili, hasa mafuta ya kiunoni, kwani tumbo kubwa huusukuma ukuta mchana na usiku. La pili ni kikohozi cha kudumu. Kila anayekohoa hulikaza tumbo kwa ghafla, na mwenye pumu au kifua kibovu hukohoa mara nyingi kwa siku. La tatu ni uvutaji wa sigara, ambao huleta kikohozi na pia huchelewesha kupona kwa vidonda. La nne ni choo kigumu na kujikamua. La tano ni kunyanyua vitu vizito, hasa katika miezi ya mwanzo.

Muuguzi alimpitisha dada yetu katika orodha hii moja baada ya moja. Upasuaji wake ulikuwa wa dharura. Umri wake umepita sitini. Ana pumu, na dawa yake ya kuvuta alikuwa akiitumia siku anayozidiwa tu. Na mitungi ya maji aliikiri yote. Muuguzi hakumlaumu hata kwa moja. Alimwambia kwamba umri hatuwezi kuurudisha nyuma, lakini pumu ina dawa na mitungi ina vijana.

Kabla ya upasuaji

Asiyekuwa na dharura, yaani aliyepangiwa tarehe, ana fursa ambayo dada yetu hakuipata. Ni haki yake kumwomba muuguzi au daktari amwekee alama mahali stoma itakapotokea, kabla hajaingia chumba cha upasuaji. Mwekaji alama humtazama mgonjwa akiwa amelala, ameketi, amesimama na ameinama, ili alijue tumbo linavyokunjika. Huchagua mahali palipo tambarare, mbali na kitovu, mbali na mfupa wa nyonga, mbali na makovu na mikunjo, juu ya misuli iliyosimama mbele ya tumbo, na penye kuonekana na mgonjwa mwenyewe ili aweze kujihudumia.

Hapa Muislamu asinyamaze. Amweleze mwekaji alama kwamba yeye hurukuu na husujudu mara nyingi kwa siku, na aombe aonyeshe vikao hivyo palepale. Mwanamke aonyeshe mahali anapofungia leso, na mwanamume mahali anapofungia kikoi, ili fundo lisije likakaa juu ya stoma. Muuguzi mwema hachukizwi na maelezo haya. Humsaidia kufanya kazi yake.

Pia aulize juu ya wavu. Kwa anayepangiwa kolostomia ya kudumu, miongozo ile ya mwaka 2018 inapendekeza daktari atie wavu maalumu wa kuuimarisha ukuta wa tumbo katika upasuaji uleule wa kwanza. Si kila mgonjwa anafaa na si kila mahali unapatikana, lakini kuuliza si kosa.

Uuguzi wa nyumbani

Katika wiki 6 hadi 12 za mwanzo, mgonjwa asinyanyue kitu kizidicho birika la chai lililojaa maji. Hii maana yake ni kwamba hanyanyui mtungi, hanyanyui sufuria ya pilau jikoni, hatwangi kwa kinu na mchi, hasukumi kabati, wala hambebi mjukuu. Mjukuu na apandishwe kitandani na mtu mwingine, kisha alazwe ubavuni mwa bibi yake. Baada ya muda huo mizigo midogo huongezwa taratibu kwa ushauri wa muuguzi, lakini mizigo mizito huachwa kwa wengine siku zote.

Hata hivyo, kulala tu kitandani hakumfai. Misuli isiyotumiwa hudhoofika, na udhaifu huo ndio mlango wa ngiri. Atembee kidogo kila siku, na aongeze hatua. Muuguzi akimruhusu, afanye zoezi hili: alale chali magoti yamekunjwa, alivute tumbo ndani polepole huku akitoa pumzi, ahesabu mpaka tatu, kisha aachie. Arudie mara chache bila ya kujilazimisha wala kuzuia pumzi. Anapotaka kuondoka kitandani asijiinue moja kwa moja. Ageuke ubavu kwanza, ateremshe miguu, kisha ajisukume kwa mikono.

Anapokohoa, anapopiga chafya, au anapocheka sana, aweke kiganja au mto mdogo juu ya stoma na aukandamize kwa upole. Jambo hili laonekana dogo, lakini ni la kwanza alilofundishwa dada yetu, naye leo hulifanya bila ya kufikiri. Mwenye pumu atumie dawa zake kama alivyoagizwa, na wanaovuta sigara au shisha nyumbani watoke nje, au bora zaidi waache.

Katika chakula, mwenye kolostomia asiruhusu choo kiwe kigumu. Anywe maji ya kutosha, ale papai, mchicha, kunde na matunda, ila aongeze kidogo kidogo. Miraa hukausha choo, basi mwenye stoma ajiepushe nayo. Mwenye ileostomia hali yake ni tofauti, nasi tunawaomba wauguzi wa nyumbani wasichanganye. Huyu choo chake ni chepesi siku zote, hupoteza maji na chumvi kwa haraka, na vyakula vigumu vyaweza kuuziba utumbo wake mwembamba. Nyama ya nazi, kashata, karanga na mahindi ya kuchoma ni vya kuhadhari. Akila, atafune mpaka vilainike kabisa, na miezi ya mwanzo aviache.

Uko mshipi maalumu wa kulishikilia tumbo. Kina mama wataukumbuka mkaja wanaofungwa baada ya kujifungua, na baadhi yao tumewasikia wakipendekeza mkaja utumike hapa. Mkaja uliokazwa hautafaa, kwa sababu huibana stoma na kulisukuma choo lirudi chini ya kibandiko. Mshipi huu hupimwa na muuguzi kwa kipimo cha mtu na mahali stoma ilipo. Huvaliwa mgonjwa angali amelala, ngiri ikiwa imerudi ndani, kabla hajasimama. Hauiponyi ngiri, lakini humpunguzia uzito na humpa utulivu anapotembea.

Mfuko na ngozi

Ngiri ikitokea, umbo la tumbo hubadilika, na mfuko ulioshika vizuri mwaka jana huanza kuvuja mwaka huu. Basi stoma ipimwe upya. Tundu la kibandiko likatwe likiwa pana kuliko stoma kwa milimita 2 au 3 tu, ili choo kisiiguse ngozi. Ngozi ioshwe kwa maji ya vuguvugu, ikaushwe vizuri kabla ya kunatisha, na sabuni zenye manukato na mafuta yaepukwe kwa sababu huzuia kibandiko kushika. Udi na manukato vina mahali pake; hapa si mahali pake. Mfuko umwagwe unapofika thuluthi au nusu, usingojwe ujae, kwani uzito wake huvuta.

Uvimbe ukiwa mkubwa, mgonjwa haoni tena sehemu ya chini ya stoma yake. Kioo kidogo cha mkononi kitamsaidia, na binti au mke anayeaminika atamsaidia zaidi. Vibandiko laini hukaa vizuri juu ya uvimbe kuliko vile vigumu. Aliyekuwa akisafisha utumbo kwa kutia maji katika stoma asiendelee mpaka azungumze na muuguzi wake.

Jambo la kuhadhari: usikubali uvimbe huu uchuliwe. Tunawaheshimu wachuaji wetu, na wengi wameondoa maumivu ya migongo na mabega, lakini kilichomo chini ya ngozi hapa ni utumbo wenyewe. Kuukanda kwa nguvu, kuupigia chuku, kuuchanja, au kufanya hijama juu yake ni kuhatarisha maisha. Asikudanganye mtu kwamba atairudisha ngiri kwa mafuta ya habasoda.

Dalili za kukimbilia hospitali

Ngiri nyingi huishi na mtu kwa miaka bila ya hatari. Huleta kuvutika, maumivu ya kadiri na usumbufu wa mfuko, na hizo hutunzwa kwa njia tulizozitaja. Lakini mara chache utumbo hunasa na kubanwa, na hapo hakuna kungoja kuche. Dalili zake ni hizi: maumivu makali ya ghafla, uvimbe uliokuwa ukirudi ndani sasa umekuwa mgumu na haurudi, kutapika, stoma kuacha kutoa choo na hewa huku tumbo likijaa, na rangi ya stoma kubadilika. Stoma yenye afya ni nyekundu na yenye unyevu kama ndani ya mdomo. Ikiiva zambarau au ikawa nyeusi, mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo, naye asipewe chakula njiani.

Upasuaji wa kuitengeneza ngiri upo, na hufanywa maumivu yakizidi, mfuko ukishindwa kukaa, au utumbo ukiziba. Madaktari hupendelea kutumia wavu, kwani kuishona tu mara nyingi hurudi. Dada yetu yeye hakupasuliwa tena. Alipewa mshipi, akabadilishiwa kibandiko, akaandikiwa dawa ya pumu ya kila siku, na akaambiwa arudi kuangaliwa.

Swala na saumu

Swali lililomtoa machozi halikuwa la ngiri. Alituuliza kama swala zake za mwaka mzima zilikubaliwa, ilhali amebeba najisi tumboni. Tunalieleza jibu kwa wote, kwa sababu tunajua wako wanaouliza hivyo kimyakimya, na wako walioacha kuswali kwa dhana kwamba hawana tohara.

Mafaqihi wamemweka mtu huyu katika hukumu ya mwenye hadathi ya kudumu, kama mwanamke mwenye damu ya istihadha. Fatima binti Abi Hubaishi (r.a.) alimwendea Mtume (s.a.w.) kwa jambo la damu isiyokatika, naye akaelekezwa atawadhe kwa kila swala na wala asiache kuswali. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mwenye udhuru huu hungoja wakati wa swala uingie, akaumwaga mfuko na kujisafisha kadiri awezavyo, akatawadha, kisha akaswali bila ya kuchelewa. Kitakachotoka katikati ya swala kimesamehewa, na kuwepo kwa mfuko kumesamehewa kwa dharura. Kwa udhu huo ataswali faradhi moja na sunna apendazo. Akipata uzito zaidi ya hapo, amuulize mwanachuoni wake naye atapata wepesi.

Kuhusu kisimamo na sijda, tumkumbuke Imran bin Huswain (r.a.), sahaba aliyeugua bawasiri. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aswali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Mgonjwa wa wiki za mwanzo, au mwenye ngiri inayouma anapoinama, aswali juu ya kiti bila ya kuona kwamba amepungukiwa. Akipona na muuguzi akamruhusu, arukuu na kusujudu kwa utaratibu.

Saumu nayo ina hukumu ya ugonjwa. Wenye kolostomia walio na afya huweza kufunga kwa ushauri wa daktari, wakijitahidi kunywa maji usiku ili choo kisikauke. Mwenye ileostomia ana hatari ya kukaukiwa na maji, hasa katika joto letu la pwani, wala asifunge kabla ya kumwuliza daktari wake. Ruhusa ya Mwenyezi Mungu ni sadaka, na sadaka ya Mola hairudishwi.

Wajibu wetu

Baada ya kurudi kutoka hospitali, dada yetu alikubali wakaza wana wake waelezwe. Hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyekunja uso. Mkaza mwana mkubwa alitoka kimya, akauhamisha mtungi kutoka uani hadi jikoni, akauweka juu ya meza na kuutia bomba, ili bibi yake achote kwa kikombe. Tangu siku hiyo vijana wa nyumba ndio wanaopokea maji, na nazi hukunwa na aliye karibu. Darsa ya alasiri amerudi, hukaa juu ya kiti karibu na mlango, na wanawake wawili wengine wamekwisha kumwita pembeni kumwuliza maswali.

Historia yetu inamtaja Rufaida (r.a.), mwanamke aliyewauguza majeruhi katika hema lililokuwa msikitini Madina, naye Saad bin Muadh (r.a.) alipojeruhiwa alipelekwa kwake. Msikiti uliwahi kuwa mahali pa kuuguza. Leo tunaweza kuanza na madogo: chumba kimoja cha tohara upande wa wanawake kiwe na maji ya kutosha, ndoano ya kutundikia mkoba, rafu na pipa lenye kifuniko, ili mwenye mfuko asiogope kuja kuswali. Mifuko hii ni ghali na haipatikani katika kila duka la dawa. Wako wanaouosha mmoja mpaka unapasuka, na wako wanaofunga karatasi za plastiki. Fakiri na maskini walio katika hali hii wamo katika wenye haki ya zaka. Wenye mali na wawaulize wauguzi ni mifuko gani inayohitajika kabla ya kununua, kwani kila mgonjwa ana kipimo chake.

Na wewe mume ambaye mkeo amepasuliwa, na wewe kijana ambaye mamako amepasuliwa, usingoje kuombwa. Mwanamke wa kwetu amelelewa kwamba kuomba asaidiwe mtungi ni uvivu, basi atanyanyua na kunyamaza. Mtangulie bombani.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awasitiri kwa sitara yake njema, awape nguvu wanaowauguza usiku na mchana, na awajaalie wauguzi na madaktari wetu malipo mema duniani na akhera. Amin.